Mapenzi ya jinsia moja na wenza wa safari kwenye gemu za RPG: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina chumba cha gemu Nkuhungu, hapa Dodoma: PS mbili, kompyuta moja na benchi la mbao. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nayajua kabla muulizaji hajamaliza. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya watu. Mengine huulizwa usiku wakati nafunga mlango, mteja wa mwisho akiwa bado anatafuta kofia yake. Yote nayajibu kwa namna moja, maana mtu anayeuliza kama hadithi fulani ina nafasi yake anastahili jibu kamili.

## Mambo ya msingi

Mwenza wa safari ni nani hasa?

Kwenye RPG, yaani gemu za kuigiza mhusika ndani ya hadithi, ni mhusika anayeingia kwenye kundi lako, anapigana upande wako na kulala kambini kwako. Anakuja na hadithi yake, na anayapima matendo yako. Kwenye Baldur's Gate 3, ukimsaidia mnyonge barabarani Karlach anafurahi, Astarion ananuna. Hapo ndipo mapenzi yanapozaliwa: gemu inatunza hesabu ya jinsi kila mwenza anavyokuona, na hesabu ikifika mahali fulani mazungumzo mapya yanafunguka.

Nimechanganya na Stardew Valley, ingawa wale ni wanakijiji na si wenza wa vita. Sababu ni kwamba inaingia kwenye simu, na wengi wanaoniuliza wana simu tu.

Ni gemu zipi zinaruhusu?

Ukitaka kuanza leo: Baldur's Gate 3 (2023), Dragon Age zote tangu ya kwanza ya 2009, Mass Effect 3 (2012), Skyrim (2011), Fallout 4 (2015), Stardew Valley (2016), Cyberpunk 2077 (2020) na Starfield (2023). Si jambo la jana. Fallout 2 ya mwaka 1998 ilikuwa na kijiji kiitwacho Modoc, ambako baba mmoja akikufumania na mtoto wake anakulazimisha kufunga ndoa, na hajali kama uliyefumaniwa naye ni binti yake au kijana wake wa kiume.

Angalia nafasi kabla ya kununua. Baldur's Gate 3 inataka GB 150 kwenye diski, na hilo ni bando la kupangia bajeti. Stardew Valley haifiki hata GB 1.

Gemu itanilazimisha kuwa na mpenzi wa jinsia yangu?

Hapana. Kwenye gemu zote nilizotaja hapo juu, mapenzi na mwenza ni hiari, na hadithi kuu inaisha vizuri bila mpenzi yeyote. Kinachowashtua watu ni mwenza kuanza yeye kutongoza. Kwenye Dragon Age II, mwenza aitwaye Anders humwonyesha Hawke, mhusika unayemcheza, hisia zake hata kama Hawke ni mwanaume, na kumkataa kunaharibu urafiki kidogo. Mwaka 2011 kuna wachezaji walilalamika sana, na David Gaider, aliyeongoza uandishi wa gemu ile, akawajibu kwamba mapenzi yale yameandikwa kwa ajili ya kila mchezaji.

Nakubaliana naye kabisa. Ukitongozwa na usiyemtaka, unajibu hapana kwa heshima na safari inaendelea. Wanawake wanaocheza gemu wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote.

Nitajuaje kwamba jibu ninalochagua ni la kutongoza?

Dragon Age II na Dragon Age: Inquisition zinaweka alama ya moyo pembeni ya jibu. Baldur's Gate 3 haina alama hiyo, kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kubonyeza. Kiingereza kikikupa shida, soma na mtu. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye Kiswahili rasmi, na sentensi inayoonekana ya kirafiki inaweza kuwa ya mahaba kabisa.

## Kwa nini huyu anakubali na yule anakataa

Mbona kwenye gemu moja kila mwenza anakubali, nyingine napigwa chini?

Watengenezaji wana njia mbili. Ya kwanza ni kumfanya kila mwenza awe tayari kumpenda mhusika wako, awe mwanaume au mwanamke. Baldur's Gate 3 iko hivyo: Shadowheart, Astarion, Gale, Lae'zel, Wyll na Karlach wote wanawezekana, na pia Halsin na Minthara. Jaheira na Minsc hawana mapenzi na yeyote. Dragon Age: The Veilguard (2024) nayo iliwafungulia wenza wake wote saba.

Njia ya pili ni kumpa kila mwenza mwelekeo wake. Inquisition (2014) ndiyo mfano mzuri. Dorian anampenda mwanaume tu, Sera mwanamke tu. Josephine na Iron Bull hawabagui jinsia. Cassandra anamtaka mwanaume, Blackwall mwanamke. Solas ana masharti zaidi: mwanamke, tena wa kabila la elf peke yake.

Ipi ni bora kati ya hizo mbili?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na jibu langu halijabadilika: kufunguliwa mlango si sawa na kuandikiwa hadithi.

Chukua Skyrim. Unavaa hirizi ya Mara, unamfuata mtu uliyemsaidia, anakubali, mnafunga ndoa hekaluni Riften. Jinsia haiulizwi. Ni jambo jema. Lakini mke au mume wako anaongea maneno yaleyale ambayo angemwambia mtu yeyote, anakupikia chakula kilekile, na ulimwengu wote hauoni chochote. Mlango uko wazi, na ndani hakuna aliyekaa kukusubiri.

Sasa mchukue Dorian. Inakuja barua kutoka kwa familia yake, na mwishowe anaingia baani Redcliffe akamkuta baba yake. Hapo ndipo unaelewa kwa nini aliondoka nyumbani: baba alitaka kutumia uchawi wa damu ili ambadilishe mwanawe, aoe mwanamke na jina la ukoo lisipate aibu. Dorian anaongea kwa hasira, halafu sauti inakatika. Mchezaji ndiye anaamua kama wataondoka au kama mzee atasikilizwa.

Mwaka juzi kijana mmoja alicheza kipande hicho kwenye kompyuta yangu, saa za mchana, watu wachache. Alipofika pale aliomba tupunguze sauti. Akaweka pedi mezani, akakaa kimya, kisha akachagua baba asikilizwe. Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza. Alirudi kesho yake akaendelea. Kipande kile kisingemfikia namna ile kama Dorian angekuwa mtu wa kumpenda yeyote atakayembonyeza.

Hata hivyo sidharau njia ya kwanza. Inampa mchezaji uhuru, na mwandishi hodari anaweza kufanya yote mawili. Karlach ana injini ya moto kifuani na hawezi kumgusa mtu bila kumuunguza, mpaka fundi Dammon atengeneze injini ile kwa chuma cha kuzimu. Kiu yake ya kushikwa mkono tu inaeleweka, awe anashikwa na mwanaume au mwanamke.

Nimemfanyia Cassandra kila kitu na mhusika wangu ni mwanamke. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Anakwambia mwenyewe, kwa upole, kwamba hana mwelekeo huo. Dorian naye humwambia hivyohivyo mwanamke anayemtongoza. Ukitaka mwanamke kwa mwanamke kwenye gemu hiyo, una Sera na Josephine.

## Gemu moja moja

Kwenye Mass Effect, mbona nikiwa mwanaume sipati mwanaume?

Kwa sababu gemu mbili za kwanza (2007 na 2010) hazikumpa Shepard, mhusika unayemcheza, akiwa wa kiume, hata mwanaume mmoja wa kuchumbiana naye. Shepard wa kike alikuwa na Liara tangu mwanzo, kwa maelezo kwamba watu wa jamii ya Liara, asari, wana jinsia moja tu. Wanaume walisubiri hadi 2012.

Kwenye ya tatu una wawili. Kaidan, ikiwa ulimwokoa yeye na si Ashley kwenye gemu ya kwanza: mtembelee hospitalini, baadaye atakualika mkahawani na kukwambia ya moyoni. Wa pili ni Steve Cortez, rubani wa chombo chako kidogo cha kushukia. Huyu amefiwa na mume wake, Robert, na unamkuta karakana ya chombo akisikiliza ujumbe wa mwisho aliotumiwa. Usiharakishe kumtongoza. Kaa naye, mwambie atoke akapumzike, mfuate anapokwenda kuomboleza. Gemu inauita ujane wake ujane, bila kuuliza ni wa nani. Na uangalifu wako kwake una uzito kwenye vita vya mwisho, kwani Cortez aliyepuuzwa anaweza kufa.

Shepard wa kike ana Samantha Traynor pia, ambaye anapenda wanawake tu.

Nina simu tu. Stardew Valley inaendaje?

Wachumba ni 12, wanaume 6 na wanawake 6, na wote wanakubali jinsia yoyote. Wape zawadi wanazozipenda, ongea nao kila siku. Mioyo ikifika 8, nunua shada la maua dukani kwa Pierre kwa 200, pesa ya ndani ya gemu, umpe uanze uchumba. Ikifika 10, unahitaji kishaufu cha nguva cha kuposea: bei yake 5,000, na anayekiuza ni baharia mzee anayetokea ufukweni siku ya mvua tu, upande wa mashariki, baada ya kutengeneza daraja kwa mbao 300. Nyumba yako lazima iwe imeshaongezwa.

Watu wa Dodoma tunajua kusubiri mvua, kwa hiyo hapo sina la kuongeza.

Maandishi yanabadilika kidogo kulingana na wewe. Alex, kijana wa michezo, akimpenda mkulima wa kiume anakiri kwamba hakuwahi kudhani angejisikia hivyo kwa mwanaume mwenzake. Ni sentensi chache, lakini ndizo ninazozisemea juu kwenye swali la njia iliyo bora. Wapenzi wa jinsia moja wakitaka mtoto wanaasili.

Na Cyberpunk 2077?

Judy anampenda mwanamke, Kerry mwanaume. Tahadhari moja: gemu inaangalia mwili na sauti uliyochagua mwanzoni. Kwa Judy vyote viwili lazima viwe vya kike, kwa Kerry vyote viwili vya kiume. Panam na River wanaangalia mwili peke yake. Wengi wanachanganya hivi viwili, halafu wanafika saa ya thelathini ya mchezo ndipo wanagundua.

Arcade na Veronica wa Fallout: New Vegas?

Arcade anapenda wanaume na Veronica wanawake, na wote wawili wameandikwa vizuri. Ila gemu hiyo ya 2010 haina mapenzi na wenza, kwa yeyote. Kama unataka uchumba, nenda Fallout 4: Piper, Curie, Cait, Danse, Hancock, MacCready na Preston, jinsia yoyote.

## Kucheza na kusimulia mbele za watu

Nikimsimulia rafiki, niseme nani kaoa na nani kaolewa?

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia na kutubana kwa wakati mmoja. Kinatusaidia kwa sababu "yeye" hana jinsia. Unaweza kusimulia hadithi nzima ya Judy, "akamshika mkono, akamwambia abaki," na msikilizaji asijue kama ni mwanaume au mwanamke mpaka useme mwenyewe. Mpenzi, mchumba, mwenzangu: maneno yote haya yako wazi. Watafsiri wa Kifaransa wanahangaika na jambo ambalo sisi tulizaliwa nalo.

Kinatubana tukifika kwenye ndoa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, na kitenzi kinataka kujua nani ni nani. Nimewasikia vijana wakikwama hapo katikati ya sentensi: "Basi Lydia aka... akaoa... akaolewa..." Lydia ni mwenza wa kike wa Skyrim, na mhusika wa msimuliaji naye ni mwanamke. Jibu liko ndani ya lugha: kuoana. Wameoana. Wamefunga ndoa. Kitenzi cha kutendana hakiulizi nani yuko upande gani, na hakuna aliyekibuni kwa ajili ya gemu. Bibi zetu walikitumia.

Kwa jina la jambo lenyewe, sema mapenzi ya jinsia moja. Yale maneno mengine ya mtaani unayajua, na chumbani kwangu hayatumiki, hata kwa mhusika wa kwenye skrini. Aliyekaa benchi la nyuma anasikia.

Nifanyeje picha za utupu zikitokea na kuna watoto?

Baldur's Gate 3 na Cyberpunk 2077 zina sehemu kwenye mipangilio ya kuzima utupu. Izime kabla ya kuanza, si wakati tukio limeshafunguka. Hata hivyo gemu hizi ni za miaka 18, na hilo halihusu mapenzi ya jinsia moja tu: vichwa vinakatwa, damu inamwagika. Kwangu aliye chini ya umri huo hakai kwenye kompyuta hiyo. Stardew Valley haina utupu wowote, busu ndiyo mwisho.

Je, ni kosa kisheria kucheza?

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inahusu tendo kati ya watu, na adhabu yake ni nzito, inafika kifungo cha maisha. Mhusika wa gemu kumbusu mhusika mwingine si tendo lako wewe na mtu. Kurekodi na kurusha mtandaoni ni habari nyingine: maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake za mwaka 2020, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa picha za ngono, ziwe za jinsia gani. Ushauri wangu ni mmoja: cheza, usirushe. Na usimrekodi mwenzako anapocheza, wala usisambaze jina la mtu pamoja na alichochagua kwenye gemu. Kwa simu moja tu unaweza kumharibia mtu maisha.

Mimi ni mtu wa dini. Nazikwepa vipi sehemu hizo?

Usichague majibu ya mahaba, na akikutongoza mwenza mkatalie. Rejea swali la kulazimishwa. Mengine yote ya gemu utayapata.

Gemu hizi zimewahi kuzuiwa popote?

Ndiyo. Novemba 2007 Singapore ilizuia Mass Effect kwa sababu ya tukio la Liara na Shepard wa kike, kisha ikairuhusu baada ya siku chache kwa alama ya umri. Mwaka 2014 kampuni ya EA iliamua kutouza Dragon Age: Inquisition nchini India.

## Mambo ya pembeni

Nilisoma kwamba Jaal, mwenza wa Mass Effect: Andromeda, hawezekani kwa mwanaume, rafiki yangu anasema anawezekana. Nani mkweli?

Wote wawili. Mass Effect: Andromeda ilipotoka Machi 2017, Jaal alikuwa wa mwanamke tu. Wachezaji walilalamika kwamba mwanaume hana mwanaume kati ya wenza wa vita, na sasisho la 1.08, Juni mwaka huohuo, likamfungulia. Ukicheza kutoka kwenye diski bila kusasisha, utabaki na Jaal wa zamani. Unganisha intaneti kwanza.

Kuna modi (faili za wachezaji za kubadilisha gemu) za kumfanya Judy wa Cyberpunk ampende mwanaume. Niweke?

Zipo, kwenye kompyuta. Kazi ni rahisi: faili linabadilisha masharti ya jinsia. Sikuwekei. Ukiweka mwenyewe, jua kwamba modi inaondoa kizuizi tu, haimwandikii Judy maisha mapya, kwa hiyo kila mnachoongea kitakuwa cha mtu mwingine. Na kwangu, hapana ya Judy ni sehemu ya Judy.

Naweza kuwa na wapenzi wawili?

Kwa muda, ndiyo. Gemu nyingi zinakuacha uzungumze na kila mtu mwanzoni, kisha mmoja wao anakuuliza uamue. Weka sevu kabla ya mazungumzo marefu.

Umeme ukikatika katikati ya tukio la mapenzi, nimelipoteza?

Inategemea sevu ya mwisho. Kwenye Baldur's Gate 3 matukio mengi ya mapenzi hutokea kambini, mkienda kulala. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza mapumziko marefu, bonyeza F5 kwenye kompyuta. Umeme ukirudi, bonyeza F8, lala tena, na tukio litaanza upya lote, maneno yaleyale. Juzi ilikatika Karlach akiwa ameshanyoosha mkono. Mteja alikaa kwenye benchi gizani dakika arobaini, akakataa kwenda nyumbani. Uliporudi alibonyeza F8 kabla sijawasha feni.